Matundu ya Chini ya Sakafu

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa mlangoni hapa Silibwet nikichambua maharagwe, mwanamke mmoja wa makamo akaingia uani, akasimama mbele yangu na kusema, "Anti Kerubo, mimi ni Sara wa Moraa. Nilizaliwa kwa ile nyumba." Nikamwaga maharagwe yote. Si kwa furaha, nisidanganye. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mgongoni mwa mama yake, amefunikwa gunia kwa sababu ya mvua. Sasa ni mwalimu, amehamishiwa shule moja upande wa Boito, na alikuwa ametoka kuitafuta nyumba aliyozaliwa. Alikuta vichaka vya chai tu, mistari imeteremka mpaka mtoni. Rafiki yangu Chelangat, ambaye bado anaishi karibu na hapo, ndiye aliyemwelekeza kwangu. "Alisema wewe ndiye ulikuwa unaandika kila kitu," Sara akasema. Kisha akaniambia wamemzika mama yake. "Mama hakuchoka kuitaja hiyo nyumba. Alisema huko ndiko aliwahi kulala vizuri. Niandikie ilivyokuwa, anti." Nilimwambia nimesoma mpaka darasa la tano tu, na kwamba madaftari yangu yamejaa mambo ya mvua na chakula. Akasema hayo ndiyo anataka. Nilimpa chai, akanywa, akaenda. Hakujua ameniomba nini, na mimi sikumwambia.

Basi nianze na nyumba yenyewe, kwa sababu hiyo nina hakika nayo zaidi kuliko watu. Ilikuwa juu ya kilima, katikati ya shamba la chai, nyumba ndefu ya mbao za mtarakwa. Sakafu yake haikukaa juu ya ardhi kama sakafu za kwetu. Ilikuwa imeinuliwa juu ya msingi wa mawe, kiasi cha kuku kupita chini bila kuinama. Mengi ninayoyajua niliambiwa na mzee arap Rono, fundi wa mbao na mlinzi wa nyumba, aliyekaa katika kibanda nyuma ya jikoni. Alipokuwa kijana alibeba mbao hizo begani, kwa hiyo alizijua mojamoja. Kwa maneno yake, mzungu wa kwanza aliijenga akiwa hana mke, vyumba vitatu na baraza, na paa la vipande vya mtarakwa vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Mzungu wa pili alikuja na mkewe, na huyo mama ndiye aliyetaka bafu, chumba cha kulia na jiko la ukutani la matofali. Paa likavuja, wakaweka mabati na kuyapaka rangi nyekundu. Wa tatu hakujenga chochote. "Huyo alikunywa tu," Rono akasema, kisha akafikiri na kuongeza, "lakini alikuwa anasalimia watu." Baada ya uhuru shamba lilinunuliwa na mtu wa huku kwetu, ambaye nitamwita mwenye shamba tu, maana watoto wake wako hai na ni watu wema. Yeye alikuwa na nyumba yake mahali pengine. Ile ya kilimani ikakaa bure, popo wakaingia, halafu magunia ya mbolea.

Mwaka ninaousema ni mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nyumba za laini, zile za wafanyakazi, zilikuwa zimejaa, watu wanalala wanane chumba kimoja. Mwenye shamba akatoa mbolea, akatuingiza sisi. Alisimama kwenye baraza, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaeni. Mimi sitaki kitu kwenu. Lakini nyumba ikiharibika mikononi mwenu, mtatoka nyote, na laini hakuna nafasi." Hakutisha mtu. Alitueleza hali ilivyo. Zakaria na mkewe Moraa walipata chumba cha kulia, wakakigawa na wenzao kwa mbao za maboksi ya chai. Mimi na Chelangat, kwa kuwa tulikuwa wasichana wachumaji tusio na waume, tulipewa bafu. Lile beseni kubwa la chuma la kuogea hakuna aliyeweza kulitoa, kwa hiyo tuliweka mahindi yetu ndani yake, na Chelangat akalala kando yake kama mtu anayelinda ng'ombe. "Mama wa mzungu alikuwa anaoga na kizungu," alikuwa akisema, "sisi tunaoga na kidebe huko nje na beseni iko ndani. Tuko na akili kweli?" Asubuhi vyumba vyote vilinuka moshi wa mti wa chai, tukanywa uji kwenye baraza kabla ya kwenda kuchuma majani, ukungu umefunika kila kitu mpaka huoni mikono ya jirani yako.

Rono alinipenda kwa sababu ya daftari. Jioni moja, jua bado lipo, alinizungusha nje ya nyumba nzima na kunionyesha vitundu katika msingi wa mawe, vimewekewa kichuma chenye nafasi nafasi, kimoja kila baada ya hatua nne. "Unaona hii? Hii ni pua ya nyumba. Inapumua hapa." Aliingiza kidole, akatoa majani makavu. "Mzungu wa kwanza alikuwa anapita na fimbo, anatoa takataka. Ukifunga hii, chini inakuwa maji, mbao inaoza. Hii ya upande wa mtoni imechoka tayari." Siku chache baadaye ikaja habari kwamba mkewe anaumwa sana nyumbani, upande wa Kiptere. Akafunga kibanda chake, akaniita. "Mimi sijui nitarudi lini. Hawa watu wengine wana kazi na watoto. Wewe unajua kuandika, nimekuachia wewe hiyo pua. Mtu asifunge." Nikasema sawa, mzee. Hilo liko kwenye daftari. Nimelisoma mara nyingi: *Mzee R. ameenda kwao. Ameniachia matundu.*

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Sara, unaijua baridi ya huku, lakini hujaijua juu ya sakafu ya mbao yenye nyufa, upepo unatoka chini na kupanda ndani ya blanketi. Baba yako alikuwa mkata chai. Siku nzima alikuwa ameinama na panga kwenye vichaka vilivyolowa, na alikuwa na kifua. Tulikisikia kupitia mbao za maboksi, kikohozi kirefu chenye filimbi mwishoni, na baada ya hapo alikuwa akiomba msamaha kwa sauti ya chini: "Poleni, jamani, poleni," kama mtu aliyekanyaga miguu ya wenzake. Alikuwa amekosa kazi siku nyingi. Asiyefanya kazi hakai kwenye nyumba ya shamba, hilo kila mtu alilijua. Moraa alikuwa na mimba yako, miezi saba hivi, na nilimwona amepiga magoti sakafuni akipitisha kiganja juu ya nyufa. "Kerubo, baridi yote inatoka huku chini," akaniambia. "Kuna mashimo kwa ukuta wa nje, nimeyaona. Nyumba gani hii inaachwa na mashimo?"

Kwetu Kisii kukandika nyumba ni kazi ya wanawake, na mwanamke anayekaribia kujifungua hulala katika nyumba iliyokandikwa upya. Hakuna anayefundishwa hilo. Ni kama kufagia. Jumapili baada ya kanisa wanawake wote wa nyumba ile walitoka, sisi wa Kisii, Waluhya wawili, na Chelangat akiwa ameinua sketi hadi magotini, ametuletea mavi ya ng'ombe kutoka kwa shangazi yake. "Leo mtajua Mkipsigis anaweza kukandika kuliko nyinyi," akasema. Moraa akamjibu, "Wewe kandika, lakini usile udongo." Tulichimba udongo mwekundu, tukakanyaga na mavi na jivu, tukaupandisha kwenye msingi wa mawe mpaka kwenye mbao, kimo cha kiuno, kuzunguka nyumba yote. Tukalainisha kwa maji na viganja. Moraa, tumbo lake mbele, alichora mistari ya kupinda kwa vidole vinne, kama wanavyochora kwao. Wanaume walichinja kuku. Jua lilitoka kidogo, nyumba ile ya mzungu ikasimama pale kwenye kilima na sketi ya udongo, ikapendeza, na nasema hivyo hata leo. Zakaria aliletwa kwenye baraza na blanketi, akaitazama, akasema, "Sasa imekuwa nyumba ya watu." Matundu yote yalikuwa ndani ya udongo. Mengine niliyaziba kwa mkono wangu mwenyewe.

Hapa ndipo huwa nakwama. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilisema. Najiona nimesimama na udongo mikononi, nikimwambia Moraa, "Mzee Rono alisema haya yasizibwe," na Moraa akinijibu bila kugeuka, "Za kwetu hazina matundu chini na hazijaanguka." Nasikia mpaka sauti yake. Lakini Sara alipoondoka nilitoa daftari la mwaka ule, nikatafuta siku hiyo. Imeandikwa: *Leo tumekandika nyumba. Tumekula kuku. Moraa ameimba.* Basi. Mimi nilikuwa mtu wa kuandika hata nani amekopa chumvi. Kama ningekuwa nimesema, na nikajibiwa, ningeandika. Sitaki kumwekea marehemu maneno mdomoni ili niwe mwepesi mimi. Inawezekana nilisema kwa sauti ndogo. Inawezekana niliyasema moyoni tu, na jibu lile nikalitunga baadaye. Kwa haki, naandika kwamba sijui, na kwamba mtu asiyejua kama alisema ni afadhali ahesabiwe kwamba hakusema.

Na kwa haki vilevile naandika hili: baridi ilikwisha. Usiku wa kwanza tuliamka tukatazamana. Sakafu ilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Zakaria alikohoa mara mbili tatu, akalala. Katika wiki mbili alirudi kazini na panga lake, na jioni alikuwa akikaa kwenye baraza akimenya viazi na kumtania Chelangat kuhusu wachumba. "Huyo wa baiskeli hafai. Baiskeli ni ya kaka yake." "Na wewe ulimpata Moraa na nini, panga?" Ulizaliwa mwezi wa tisa, Sara, katika chumba cha kulia, mbele ya jiko la ukutani lililowashwa moto wa kuni kwa mara ya kwanza tangu wazungu. Mama yako hakukosea kusema alilala vizuri. Alilala vizuri kwa sababu tuliiziba nyumba pumzi, na mimi nilijua.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa nyingi. Ilianza na harufu, kama ya gunia lililosahauliwa na mahindi mabichi ndani. Halafu kwenye pembe ya chumba cha kulia, upande wa mtoni, ikaota kitu kama uyoga, mweupe, laini, umejikunja kama sikio. Chelangat akaucheka: "Tumepata shamba ndani ya nyumba, hatutoki tena." Moraa aliung'oa, akasugua mahali pale kwa jivu. Baada ya siku chache ukarudi, mkubwa zaidi. Mbao zikaanza kulalamika ukizikanyaga, kisha zikaacha kulalamika, zikawa zinabonyea kimya, na hilo ndilo lilinitia hofu. Nilishuka siku moja peke yangu na kisu cha kumenyea viazi, nikachimba tundu moja nyuma ya nyumba, penye giza. Udongo ulikuwa umekauka kama jiwe. Nilipotoboa, ilitoka hewa yenye unyevu, ya moto, kama pumzi ya mgonjwa. Ningeweza kuendelea. Lakini nilimsikia Zakaria ndani akiimba kumbembeleza mtoto, bila kikohozi, nikafikiri, nikifungua haya yote, nitakuwa nimemfungulia yeye kifua. Nikarudisha udongo, nikaulainisha kwa mate. Hilo nililiandika.

Mwezi wa tatu kulikuwa na maombi ya mtoto. Watu walitoka mpaka laini za shamba la pili, wakajaa chumba cha kulia, mchana, wamevaa nguo za kanisa. Kulikuwa na ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga, na maziwa ya mursik aliyoleta Chelangat. Wakasimama kuimba, na unajua watu wetu hawaimbi miguu ikiwa imetulia. Sakafu haikupiga kelele. Ilishuka tu. Upande wa mtoni wote ulikwenda chini na watu juu yake, taratibu, karibu kwa heshima, na wimbo ukaendelea maneno mawili au matatu kwa wale waliokuwa upande mwingine. Moraa alikutupa mikononi mwa mwanamke aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakufa mtu. Zakaria alikuwa ametangulia kushuka, na boriti ya ukuta ikamwangukia juu ya paja. Walipomtoa, mguu ulitazama mahali pasipo pake. Mbao zilizovunjika nilizishika: zilikuwa laini kama mkate, ukifinya zinatoa maji.

Mwenye shamba alikuja siku ya pili, na siku hiyohiyo Rono akafika, amenyoa kichwa. Alikuwa amemzika mkewe. Tulisimama nje kwenye nyasi. Mwenye shamba alizunguka nyumba yote, akaparua udongo kwa kiatu mpaka kichuma kikaonekana. "Nani alifunga hizi?"

Moraa akasema, "Ni mimi, mzee. Mume wangu alikuwa mgonjwa."

"Sisi wote," Chelangat akasema.

"Sijauliza mikono. Nauliza, hakuna mtu aliyeambiwa?" Akamgeukia Rono. "Wewe nimekuacha hapa kwa nini? Ungewaambia neno moja tu, hii nyumba ingekuwa imesimama. Uliwaambia ama hukuwaambia?"

Rono alinitazama. Si kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshika daftari kifuani, kama mtoto wa shule. Akatazama chini, akasema, "Sikuwaambia."

Mwenye shamba akasema bila hasira kwamba watu wote watoke kabla ya Jumapili nyingine, maana hataki kuzika mtu, na kwamba Rono naye atoe vitu vyake kibandani. Mlinzi asiyesema ni wa nini? Sikumwona kuwa mkatili. Mimi ningekuwa yeye, kwa yale aliyoyasikia, ningefanya hivyohivyo.

Nilimfuata Rono kibandani. Alikuwa akifunga randa na patasi zake kwenye blanketi. Nikamuuliza kwa nini alisema vile, wakati aliniambia mimi.

"Kukuambia wewe si kuwaambia watu," akasema. "Nilikuwa na watu wazima hapa, nikaenda kuambia msichana. Hiyo ni makosa yangu."

"Lakini nilisema sawa, mzee. Nilikubali."

"Ulikubali, ndiyo." Akakaza fundo. "Sasa ningekutaja, wangekuchukia hao watu wako. Na nyumba ingesimama?"

Nyumba haikusimama. Zakaria alirudishwa kwao kwenye lori la magunia, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao, na huko mguu ukapona kwa upinde, lakini kifua kilirudi na mvua zilizofuata. Hukuwa umeanza kusema vizuri, Sara, alipokufa. Wengine waliingia laini, kumi chumba kimoja. Rono nilisikia alikaa kwa mtoto wa ndugu yake, hakushika randa tena. Sina hakika na hilo la mwisho.

Mimi niliondoka siku ya Jumamosi, kwa miguu, na mzigo kichwani. Mvua ikanikuta barabarani. Gari la mwenye shamba likasimama, akafungua mlango mwenyewe. "Ingia, utaumwa." Nilikaa kando yake, maji yakitiririka kutoka kwenye nguo zangu hadi kwenye kiti chake, na hakusema kitu juu ya kiti. Aliniuliza kama ni mimi yule msichana anayejua kuandika. Nikasema ndiyo. Akasema anatafuta mtu wa kupokea majani Silibwet, mtu mwaminifu, na kama nataka nianze Jumatatu. Nikasema asante, mzee. Tukaenda kidogo. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Rono amenivunja moyo. Kama angekuwa amemwambia hata mtu mmoja, hata mtoto, ningemwacha kwa kibanda chake. Nilimpenda huyo mzee." Barabara ilikuwa mbaya, tulikwenda polepole sana. Nilikuwa na njia yote mpaka Silibwet. Nilikaza mzigo wangu magotini, nikasema mvua ya mwaka huu ni nyingi. Akasema ni kweli, ni nyingi.